Jibu: Mistari ya ramani kunenepa kila inapokuzwa

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba ramani yako ya mipaka imechorwa kwa SVG (muundo wa michoro unaoeleza maumbo kwa msimbo) na kwamba katika ukubwa wa kawaida inapendeza, lakini mtumiaji akiikuza mara 8 mistari inavimba mpaka inafunika mito na majina. Tatizo hilo nimelipitia, na lilinichukua siku kadhaa kulielewa.

Kivinjari hupima unene wa mstari kwa vizio vya ramani yenyewe, kisha hukuza kila kitu kwa pamoja, njia (yaani umbo la mstari) pamoja na wino wake. Ndiyo maana mstari wa kizio 1 hugeuka kuwa wa vizio 8. Unachohitaji ni mpangilio wa kinyume, yaani njia ikuzwe kwanza, ndipo wino upakwe kwa kipimo cha skrini. Sifa iitwayo `vector-effect`, ikipewa thamani `non-scaling-stroke`, hufanya hivyo hasa. Iliingia katika viwango kupitia SVG Tiny 1.2 mwaka 2008, na vivinjari vikuu vya leo vyote vinaielewa.

Mara ya kwanza nilipoitumia, skrini nzima ilijaa weusi. Ramani yangu ilikuwa na viwianishi vya mita, `viewBox` yake (sifa inayotaja eneo la viwianishi linaloonyeshwa) ikiwa na upana wa mamia ya maelfu ya vizio, na kwa sababu hiyo mistari nilikuwa nimeipa unene wa 400 ili ionekane. Sikujua kwamba sifa hii haipuuzi ukuzaji wa mtumiaji peke yake, bali hupuuza pia upimaji unaofanywa na `viewBox`, kwa hiyo 400 yangu ilisomwa kuwa pikseli 400. Nilipoandika 1.5, ramani ilitulia. Kama viwianishi vyako navyo ni vya mita, rekebisha unene kabla ya kudhani kwamba msimbo wako una kosa.

Jambo la pili lililonisumbua ni kwamba sifa hii hairithiwi. Ukiiweka kwenye kikundi `g`, njia zilizomo ndani yake hazitaipata, na hutaona onyo lolote. Iandike kwenye CSS (lugha ya mitindo ya kurasa) kwa kanuni inayolenga kila `path`, yaani kila njia. Unene wenyewe, yaani `stroke-width`, hurithiwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa nguvu mbinu ya zamani ya kugawanya: kila ukuzaji unapobadilika, unakipa kikundi unene uliogawanywa kwa kiwango cha ukuzaji, kwa mfano 1 kwa 8, sawa na 0.125, na njia zote zinafuata kwa badiliko moja. Mbinu hii bado naitumia pale mchoro unapopelekwa kwenye programu nyingine isiyoijua `vector-effect`.

Usitarajie sifa hii iguse maandishi au nusu kipenyo cha duara, kwani hushughulikia wino wa mstari tu. Ukubwa wa majina itakubidi uugawanye kwa kiwango cha ukuzaji. Kwa alama za miji kuna ujanja ninaoupenda: badala ya duara, chora njia isiyo na urefu, yenye ncha za mviringo na unene wa pikseli 6, nayo itabaki kitone cha ukubwa uleule daima. Mistari ya vipande nayo hupimwa kwa skrini, kwa hiyo vipande vitabaki na urefu wao lakini vitaonekana kutambaa mpakani wakati wa kukuza. Binafsi hilo hunikera, lakini watumiaji wangu hawajawahi kulitaja.

Ukihamia kwenye kanvasi (`canvas`, eneo la kivinjari linalochorwa kwa msimbo), weka ukuzaji, jenga njia, rudisha hali ya awali, kisha ndipo upake mstari. Pointi zilishakuzwa zilipoingizwa kwenye njia, na unene utasomwa bila ukuzaji.

Mipaka naiacha na unene uleule katika kila kiwango, lakini barabara sizifanyii hivyo, kwa sababu mtumiaji anayesogea karibu hutarajia barabara ipanuke kidogo. Kwa hizo nagawanya unene kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha ukuzaji badala ya kiwango chenyewe, hivyo ramani ikikuzwa mara 16 barabara inanenepa mara 4 tu.