Nyumba ya zamani ya pande mbili Area C, ninunue?

Ndugu, wazo la kukaa upande mmoja na kupangisha wa pili ni zuri, ila usitoe hata mia kabla hujaiona hati. Nyumba nyingi za zamani hapa Dodoma zilikuwa na hati za miaka 33 za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, CDA yenyewe ikavunjwa 2017, sasa muulize muuzaji kama alishabadilisha hati ikawa ya miaka 99, halafu kafanye sachi ofisi ya ardhi wewe mwenyewe, uhakikishe mmiliki ni nani, dalali mwache na soda yake. Mke wa muuzaji naye asaini. Mimi yangu nilikuta mita moja ya luku kwa pande zote mbili, kila umeme ukikata ni ugomvi na mpangaji, pasi yake hiyo jamani! Nenda mchana ucheki nyufa juu ya madirisha, ukiona rangi mpya hapo tu, shusha bei.