Mwache hivyo hivyo, anajivua gamba

Kaka, unasema tarantula wako, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, amelala chali tangu asubuhi na unataka kumgeuza kwa kijiti. Usimguse! Tarantula hujivua gamba akiwa chali; akifa, kwa kawaida miguu hujikunja chini ya mwili. Toa mende wa chakula wote walio hai humo ndani ya boksi lake, maana ngozi mpya ni laini na mende anaweza kumtafuna. Chakula kisubiri mpaka meno yake, ambayo akishajivua yatakuwa meupe, yawe meusi kabisa. Maji yawepo muda wote.

Halafu hilo boksi refu la kioo unamomfugia halimfai. Huyu ni wa kuchimba, mzito, akidondoka tumbo linaweza kupasuka. Jaza udongo mpaka nafasi ya juu ibaki ndogo, ila usichote kwenye kahawa au migomba iliyopuliziwa dawa. Baridi ya Julai hapa Arusha isikutie wasiwasi, chumba cha ndani kinatosha.

Kumshika mkononi? Sioni faida. Tarantula wa Afrika hawana vinyweleo vya kuwasha vya kurusha kama wenzao wengi wa Amerika, wao huwahi kuuma, na maumivu yake si mchezo. Kama ulimtoa porini, waulize watu wa wanyamapori kuhusu kibali.