Jibu: Mzinga wa marehemu baba, nyuki hawarudi

Habari ndugu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umesema nyuki walihama mzinga wake wa gogo hapo Moshi, na tangu uufagie hawajarudi.

Anza kuchungulia ndani. Ukiona utando mweupe wenye vinyesi vyeusi, hao ni nondo wa nta, wadudu ambao viwavi wao hula masega. Kwangua masega yote makuukuu uyachome, kisha babua kuta kwa moto wa majani makavu. Sabuni usiguse, harufu yake hung'ang'ania kwenye mti. Yeyusha nta safi, kijiko kimoja, upake dari ya ndani na mlangoni. Tundu lisizidi sentimita 1. Ning'iniza kwa waya uliopakwa grisi, maana sisimizi wakipanda nyuki watahama tena. Tundika kabla miti haijachanua.

Alama ya mzee iliyochongwa kwenye kifuniko usiikwangue kabisa.