Uliza Fundi: M1 ya kwaya, Yamaha ya Japani, na kinanda chenye kompyuta tumboni

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napiga kinanda kwenye kwaya huku Mbagala, tuna Korg M1 ya kitambo tuliyoachiwa na bendi moja iliyovunjika. Ina matatizo lundo. Kuna noti za katikati ukizigusa tu kidogo zinalia kwa nguvu zote, nyingine mpaka uzibonyeze kwa hasira. Kioo kina giza, usiku tunamulika na tochi ya simu. Ukiwasha inaandika Battery Low. Alafu nikipiga mikono miwili noti za mwanzo zinakatika zenyewe. Fundi mmoja wa huku kaiangalia juu juu bila hata kufungua akasema bodi imekwisha, tutafute nyingine. Je naweza kuifungua mwenyewe, na huko ndani nitakuta nini? – Mpiga kinanda, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bodi ikiisha kinanda hakilii kabisa au kinalia mikwaruzo mitupu, chako kinalia, kwaya inaimba, sasa bodi imekwisha vipi? Hiyo kauli ya "bodi imekwisha" mafundi wengine wanaitumia wakiona mashine wasiyoijua, usiipokee hivi hivi.

Tuanze na ile ya noti kukatika maana hiyo haihitaji hata bisibisi. M1 imetoka mwaka 1988 na ina uwezo wa kutoa sauti 16 tu kwa wakati mmoja, ndo mwisho wake. Na ukichagua toni iliyotengenezwa kwa kuunganisha mbili, ile wanayoita Double, kila noti unayopiga inakula sauti mbili kwahiyo unabaki na noti 8. Ukiingia kwenye Combi ambako toni kadhaa zimepandana inapungua zaidi. Sasa wewe unashika noti nne mkono wa kulia, tatu wa kushoto, na pedali ya sasteini umeikanyaga tangu ubeti wa kwanza, lazima ikate. Sio ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa. Achia pedali kila unapobadilisha kodi, na nyimbo zenye mambo mengi tumia toni ya Single.

Ya pili ni betri na hapa naomba uwe makini kabla hujagusa skrubu hata moja. Ndani kuna betri bapa ya CR2032, ya volti 3, ile ile ya kwenye rimoti za gari. Kazi yake ni kushikilia memori umeme ukizimwa, yaani toni 100 za Program, Combi 100, na mipangilio yote. Ukiitoa tu vyote vinafutika, na hiyo bendi iliyowaachia inawezekana ilitengeneza toni zao wenyewe humo ambazo hazipatikani popote. Kwahiyo kwanza zihamishe. Tafuta waya wa MIDI, ile lugha ya vinanda na kompyuta kupeana data, wa kuchomeka kwenye USB, kompyuta yoyote hata ya zamani, weka programu ya MIDI-OX kama ni Windows, ni ya bure, alafu kwenye kinanda ingia Global utafute sehemu ya Data Dump, urushe kila kitu kiingie kompyuta kama faili la SysEx, yaani data za ndani za kinanda zilivyo. Angalizo, hizi waya za MIDI za bei poa kabisa nyingi zinameza data njiani, faili linakuja pungufu na hujui mpaka siku unalirudisha. Rusha mara mbili uone kama mafaili yana ukubwa sawa, yakitofautiana badilisha waya. Na tafuta pia faili la toni za kiwandani za M1, liko mtandaoni, liweke pembeni kama akiba. Siku ya kurudisha usisahau kuzima Memory Protect huko huko Global, ikiwa imewashwa data itakataa kuingia utadhani umeharibu.

Haya sasa fungua. Chomoa waya wa umeme, sio kuzima swichi, chomoa, uache ikae kidogo. Ilaze kifudifudi juu ya blanketi, vitufe na ile stiki ya pembeni visikandamizwe. Skrubu za chini haziko za aina moja, kuna zinazoshika bati la tumbo na kuna zinazoshika mtambo wa funguo, ukizifungua zote kwa mbwembwe funguo zitaning'inia na waya bapa zitakatika. Anza na za pembezoni, piga picha kila hatua, na skrubu ziweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uliozitoa. Kabla ya kushika chochote gusa bati la ndani umwage ule umeme tuli wa mwilini. Dar kuna unyevu mwingi kwahiyo umeme tuli sio mkali kama wa sehemu za baridi kavu, ila chipu za miaka hiyo hazina spea, gusa tu.

Utakachokuta: upande mmoja mambo ya umeme, hapo usiweke vidole, katikati bodi kubwa yenye prosesa na chipu za memori, na chini ya funguo kuna bodi ndefu nyembamba. Angalia zile chipu kubwa vizuri maana ndo roho ya mashine. Sauti zote za M1, ile piano yake ya kung'ata, ile ogani iliyotawala muziki wa house, ngoma, filimbi, vyote vimekaa kwenye meg 4. Meg nne! Picha moja ya simu yako inaweza kuzidi hapo. Na haikuishia kwenye sauti tu, ndo kilikuwa kinanda kilichowafanya watu waelewe maana ya workstation, kwamba toni, ngoma, efekti na kirekodi cha treki nane vinakaa kwenye boksi moja na mtu mmoja anatengeneza wimbo mzima bila bendi. Filta yake, ile inayochuja ukali wa sauti, haina rezonansi, yaani ule mkazo unaoifanya sauti ilie, wapenzi wa sauti za kulialia wanailaumu mpaka leo, mi naona ndo maana ikakaa vizuri kwenye miksi.

Sasa noti. Hapa ndo utatumia muda. Chini ya kila ufunguo kuna kipande cha mpira chenye vinundu viwili vya kaboni, vyeusi, kimoja kinagusa bodi kabla ya mwenzake. Kinanda kinapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili, muda ukiwa mfupi kinajua umepiga kwa nguvu, ukiwa mrefu kinajua umegusa taratibu. Sasa vumbi na mafuta ya vidole na hewa ya chumvi vikikaa pale, mguso wa kwanza unachelewa mpaka unakaribiana na wa pili, mashine inasoma muda mfupi sana, inakulipukia na sauti ya juu kabisa hata kama umegusa kwa kidole cha mtoto. Ukichafuka wa pili ndo zile zinazotaka hasira. Umeona? Magonjwa yako mawili ni ugonjwa mmoja.

Kabla hujasafisha orodhesha noti zote zinazosumbua kwenye karatasi. Zikiwa zimekaa ovyo ovyo, hii hapa ile kule, ni uchafu. Ila zikiwa zinaruka kwa hesabu, kila ya nane baada ya nane, au fungu zima la nane limekufa, hapo usihangaike na mpira, mara nyingi funguo zinasomwa kwa mafungu hayo kwahiyo tatizo litakuwa waya bapa, kiunganishi au dayodi. Chomoa kiunganishi ukirudishe, angalia kama kina kutu ya kijani, fuatilia njia kwa testa.

Kwako naamini ni uchafu. Toa funguo kwa utaratibu, banua ule mkanda wa mpira taratibu usichanike, futa vinundu kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 99, maduka ya spea za elektroniki Kariakoo wanayo. Spiriti ya duka la dawa iache, ina maji na nyingine ina mafuta, inakausha vibaya. Usisugue kwa nguvu na usitumie msasa wala kifutio, ile kaboni ni tabaka jembamba ukiitoa hairudi. Futa na bodi pale vinundu vinapogusa, acha ikauke kabisa. Ukirudisha mkanda wa mpira vijipembe vyake vyote viingie kwenye matundu, kimoja kikibaki nje ufunguo huo utakuwa mgumu na utarudi kufungua tena. Na WD-40 naomba isikaribie, najua iko kwenye kila gereji lakini hapa hapana.

Betri sasa. Kwenye M1 imechomelewa na risasi kwenye bodi kwa vimasikio vya bati. Usijaribu kuchomelea betri mpya moja kwa moja kwenye mwili wake, inapasuka. Fyonza risasi ya zamani, chomelea kisoketi cha CR2032, angalia upande wa chanya usikosee, alafu chomeka betri yenye jina la maana. Kuanzia hapo mrithi wako kwenye kwaya atabadilisha kwa sekunde. Kama mkono wako kwenye pasi ya risasi bado mgeni, hii kazi moja mpe fundi simu, wale wanachomelea vitu vidogo kuliko hivi kutwa nzima, ila ukae pale pale.

Kioo: nyuma yake kuna karatasi inayotoa mwanga wenyewe, inasukumwa na kisaketi kidogo kinachopandisha volti, ndo kile kinachotoa mlio mwembamba kama mbu ukisogeza sikio. Hiyo karatasi inachoka na umri, hakuna kuitibu, inabadilishwa. Utaagiza nyingine ya ukubwa ule au ununue kioo kizima cha herufi 40 mistari miwili chenye taa za LED, ila ukiweka LED kile kisaketi cha volti ya juu lazima ukikate, kisiguse LED. Hili mi ningeliacha mwisho, tochi ipo.

SWALI: Habari kaka fundi. Nimenunua Yamaha used imetoka Japani, muuzaji akaniambia nichomeke tu. Nimechomeka nikasikia tap, harufu, basi. Kijana wa jirani akaweka fyuzi nyingine ikaungua hapo hapo, sasa anataka kuweka waya. – Dada wa Tabata

JIBU: Dada mzuie huyo kijana leo hii. Geuza kinanda nyuma usome kibandiko karibu na pa kuchomekea umeme. Kikisema 100V ndo hivyo, Japani umeme wa nyumbani ni volti 100 na wa kwetu ni 230, umekipa zaidi ya mara mbili. Fyuzi imekufa ili kingine kisife, na hiyo ya pili kuungua ni dalili kuna kitu kimeshotisha, ukiweka waya kitakachofuata ni transfoma au moto.

Mara nyingi kinachokufa ni upande wa umeme tu: kuna kinga ya volti ambayo kazi yake ni kujitoa mhanga, inapasuka na kuacha masizi meusi, kuna dayodi, kuna kapasita zilizovimba vichwa. Vyote vya bei ndogo. Fundi wa TV mzuri anaviweza, mwambie tu kapasita kubwa ya pale ikichajiwa na umeme wetu inafika kama volti 325 na inakaa nayo hata ukichomoa, aimwage kwanza. Kikipona utahitaji transfoma ya kushusha. Sasa zile zilizoandikwa 220 kwenda 110 hesabu yake ikipewa 230 inatoa 115, ni nyingi kwa mashine ya 100, itachemka. Ulizia ya kutoa 100. Kama kibandiko kinasema 100-240V basi umeme wetu sio mchawi, tatizo liko kwingine, niandikie tena. Na kama chako ni kile kinachotumia adapta pembeni una bahati, tafuta adapta ya hapa yenye volti na upande wa chanya kama ilivyoandikwa kwenye mwili wa kinanda.

SWALI: Mkuu, nimefungua kinanda cha Korg Kronos ya studio inawaka inagoma katikati, nimekuta motherboard ya kompyuta kabisa na feni. Nimeibiwa au? – Prodyuza, Sinza

JIBU: Hujaibiwa. Kronos ya kwanza ya mwaka 2011 ndani yake ni kompyuta, prosesa Intel Atom D510, RAM ya gig 2, SSD ya gig 30, na inaendeshwa na Linux. Kaka yake OASYS wa 2005 alikuwa na Pentium 4. Kwahiyo itibu kama kompyuta: puliza vumbi, cheki feni inazunguka, chomoa RAM uisafishe meno uirudishe, pima volti za pawasaplai wakati inapakia, zikiyumba hapo hapo inapogoma umempata. Betri ya CR2032 iko na humu.

SSD usiifute wala usijaribu kuweka Windows, kuna watu wamejaribu. Piga nakala yake nzima kwanza kwa kompyuta nyingine, alafu kama unashuku imechoka, tumia diski za kurejesha mfumo zilizokuja na mashine. Huna, muulize aliyekuuzia kabla hajabadilisha namba.