Muulize Mwalimu: "Nikimsomea kitabu, haniangalii"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi Uyole, Mbeya. Mwanangu ana miaka 4, ana usikivu hafifu, na tangu mwaka jana anavaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Maneno anayosema bado ni machache. Nimemnunulia vitabu vya hadithi, nampakata na kumsomea, lakini anafunua kurasa tu, haniangalii. Mama mkwe anasema vitabu visubiri shule. Jirani naye ananionya nisimfundishe lugha ya alama, eti hataongea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Nianzie hapo unapompakata. Mtoto anayesikia vizuri hukaa mapajani, macho kwenye picha, masikio kwako. Mwanao anahitaji pia midomo yako, uso wako na mikono yako, na ukimpakata vyote viko nyuma ya kisogo chake. Mketishe mkabala nawe, mwanga wa dirisha ukuangukie usoni, kitabu ukishike chini ya kidevu. Kaa karibu, mita moja hivi. Zima redio, na kama mashine ya kusaga iko jirani, ngojeni inyamaze, maana kifaa hukuza sauti yako na ya mashine pia.

Halafu yaheshimu macho yake. Hili nawasisitizia wazazi kuliko yote. Hawezi kutazama picha na kukutazama wewe papo hapo. Mwonyeshe picha, kisha nyamaza, aishibe. Akiinua macho, hapo ndipo useme, mikono na uso vikisaidia: "Kuku amekimbia!" Mwache arudi kwenye picha. Ukurasa mmoja ukichukua dakika tano, sawa kabisa. Mara nyingine geuza utaratibu: kabla hujafunua ukurasa, sema "Sasa anakuja ng'ombe", ndipo afunue, ili sikio nalo lipate kazi.

Usijifunge na kila neno lililochapishwa. Simulia picha kwa maneno yako, ila kwa sentensi kamili. Kiswahili hubeba mambo makubwa katika silabi ndogo: anakula, alikula, hakula. Silabi hizo hupita upesi, na mtoto wa namna hii huzikosa. Akisema "kuku kula", usimkosoe. Mjibu, "Ndiyo, kuku amekula mahindi," kisha subiri. Subiri hasa, hata ukiona kimya kimezidi, kwa sababu mara nyingi mtoto bado anatafuta neno wakati sisi wakubwa tumeshamsemea. Na akikuletea kitabu kilekile kila jioni, pokea kwa furaha: kwa kuwa anajua kinachofuata, nguvu zake zote zinakwenda kwenye maneno.

Mkikuta viazi kitabuni, nendeni jikoni mkavishike, mvimenye, mseme vina udongo. Tena napenda zaidi kitabu mtakachotengeneza wenyewe. Chukua daftari la kawaida, chapisha picha za simu pale steshenari: mtoto ndani ya bajaji, mama akinunua parachichi Mwanjelwa, bibi akimenya viazi. Chini ya kila picha andika sentensi moja. Jambo aliloliishi mwenyewe ndilo atakalotaka kulisimulia.

Daftari hilo mkabidhi mama mkwe. Mwambie kwa upole kwamba mwalimu wa darasa la kwanza hujenga juu ya lugha ambayo mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani, na mwanetu akisubiri shule atafika mikono mitupu. Kisha mwombe asimulie yeye. Bibi aliyezoea "Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!" anajua kutumia uso na mikono kuliko mimi na wewe.

Kuhusu jirani: alama hazimzuii mtoto kuongea. Kinachomdhuru ni kukaa bila lugha yoyote katika miaka ile ya mwanzo, ambapo ubongo huipokea kwa urahisi, iwe kwa sikio au kwa macho. Zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo wengi wenu mnaanza bila kujua alama hata moja, na hakuna aibu. Uliza chama cha viziwi, CHAVITA, au Shule ya Viziwi Njombe mahali pa kujifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Na siku mkifika Iringa, ingieni mgahawa wa Neema Crafts, ambako wahudumu ni viziwi. Natamani sana mwanao awaone watu wazima wakifanya kazi yao na kuzungumza kwa mikono.

Vifaa avivae muda wote akiwa macho, siyo saa ya kitabu tu. Vikague betri kila asubuhi. Usiku vifute jasho, uviweke kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, hasa miezi hii ya mvua na ukungu. Kile kipande kinachoingia sikioni hulegea mtoto anapokua, na kifaa huanza kupiga mluzi. Ukiusikia, mrudishe kliniki wampime kingine, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.