Mwaga mfuko wa dawa mezani kabla hujaandika

Maswali ya safari hii yametoka kwa wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Himo hadi Ngaramtoni. Wengi wenu ndio mnaompokea mgonjwa, mnaandika dawa na kumpa mkononi. Hakuna mfamasia nyuma yenu wa kudaka kosa, ndiyo maana nitakuwa mkali kidogo.

Mama wa miaka 63 ana presha, anatumia enalaprili na haidroklorothaiazidi. Magoti yanamuuma, anataka sindano. Nimchome diklofenaki au nimpe ya vidonge? (Muuguzi, Himo)

Hata moja usimpe, sista. Sindano au kidonge, kwa figo ni dawa ile ile. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo. Enalaprili hulegeza mshipa unaoitoa. Haidroklorothaiazidi nayo imeshapunguza maji mwilini. Msukumo wa kuchuja damu unashuka, na mama huyu akiharisha siku mbili tu, au akishinda juani akichuma kahawa bila kunywa maji, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Juu ya hapo diklofenaki hupandisha presha. Atarudi kliniki, mtaona enalaprili "imeshindwa", mtamwongezea dawa ya tatu, na chanzo kitaendelea kukaa kwenye mkoba wake.

Mpe parasitamoli gramu 1 hadi mara tatu kwa siku kama ini lake ni zima, dawa ya kuchua, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja. Akikulilia sindano, mweleze. Kumridhisha mgonjwa si tiba.

Sasa nenda mbele zaidi ya ulichouliza. Una uhakika hanywi diklofenaki tayari? Bibi mmoja wa Kibosho alifika kwenye dirisha letu la dawa, akaulizwa kama anatumia dawa nyingine, akasema hapana. Tulipomwomba amwage mfuko mezani zilitoka bahasha tatu za kaki. Moja imeandikwa "1x3", nyingine "1x2", ya tatu haina kitu. Jina la dawa hakuna hata kwenye moja. Mbili zilikuwa za maumivu, kutoka maduka mawili tofauti. Yeye hakudanganya: kwake hizo ni "za magoti", dawa ni zile za hospitali. Kwa hiyo msiulize "unatumia dawa nyingine?" mkaridhika na hapana. Taja moja moja: za maumivu, za dukani, sindano, kijiti cha uzazi wa mpango, za kienyeji, alizopewa na jirani. Na wewe unayetoa dawa kwenye bahasha, andika jina lake.

Naweza kumpa mgonjwa siprofloksasini pamoja na dawa nyingine? (Nesi, Arusha mjini)

Dawa gani? Mgonjwa gani, ana miaka mingapi, figo zake zikoje, ni mjamzito? Maswali ya namna hii napokea kila mara na siwezi kuyajibu kwa usalama. Kwa kuwa najua kinachotokea mara nyingi, chukua hili: maginesia ya kiungulia, fefo (vidonge vya kuongeza damu) na kalsiamu hushikana na siprofloksasini tumboni, dawa ikatoka bila kuingia kwenye damu. Ameze siprofloksasini saa mbili kabla yake, au saa sita baadaye. Doksisaiklini nayo itenganishwe na vitu hivyo.

Dada wa miaka 27 yuko CTC, kliniki ya VVU, anatumia TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU. Amegundulika na kifua kikuu na ameanza dawa. Ana kijiti cha uzazi. Kuna la kubadilisha? (Muuguzi, Sanya Juu)

Hili ndilo swali bora nililopata. Yapo mawili, na yote yanatoka kwa rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inayolichochea ini kuvunja dawa nyingine haraka kuliko kawaida.

La kwanza ni dolutegravia iliyomo ndani ya TLD. Miligramu 50 kwa siku hazimtoshi tena. Anaendelea na TLD yake, kisha saa 12 baadaye anameza kidonge cha dolutegravia peke yake cha miligramu 50. Afanye hivyo muda wote wa rifampisini na wiki mbili baada ya kuimaliza, kwa sababu ini halitulii siku hiyo hiyo. Andika kwenye kadi zote mbili, ya CTC na ya kifua kikuu. Nimeona kadi moja ina taarifa na nyingine haina, na mgonjwa akabaki anafuata ile isiyo nayo.

La pili ni kijiti. Homoni yake inashuka na mimba inaweza kuingia kijiti kikiwa mkononi. Mwambie waziwazi leo, usisubiri akose siku zake. Sindano ya Depo inafaa, lupu ya shaba inafaa. Asipotaka hizo, kondomu kila mara, hadi wiki nne baada ya rifampisini kuisha. Vidonge vya uzazi visikupe moyo, navyo vinavunjwa vivyo hivyo.

Na kama ana kisukari, hukusema. Dolutegravia hupandisha metfomini kwenye damu, ndiyo maana metfomini isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Glibenklamaidi inakwenda kinyume: rifampisini huipunguza nguvu, sukari inapanda, mnaongeza dozi. Dawa za kifua kikuu zikiisha na dozi ile kubwa ikabaki, sukari inaweza kushuka hadi mgonjwa azimie. Panga siku ya kumwona mara tu anapomaliza.

Flagyl na mbege, ni kweli hatari? (Wengi, Moshi vijijini)

Maelezo ya dawa yanasema asinywe pombe hadi siku tatu baada ya dozi, ingawa ushahidi wa madhara hayo umetiliwa shaka. Mwambieni asubiri, basi. Kinachonisumbua ni kwamba kila mtu anauliza Flagyl na mbege, wala hakuna anayeuliza mbege na aisonayazidi. Huyo anayemeza dawa za kifua kikuu, au za kuzuia kifua kikuu, huku anapitia kilabuni kila jioni ndiye ini lake liko hatarini. Mkague macho kama yana manjano, mwulize kuhusu kichefuchefu na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na msikubali kila kitu kielezwe kwa rifampisini, ambayo hugeuza mkojo kuwa wa chungwa bila ubaya wowote.

Na Flagyl hiyo hiyo ikikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, damu hugoma kuganda. Mgonjwa wa valvu ya moyo anayetumia warfarini na anayefuatiliwa hospitali ya rufaa akija kwako na kuhara, piga simu kwanza.

Dripu ya ringa inaendelea, naweza kupitisha seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, humo humo? (Muuguzi, Usa River)

Hapana. Ringa ina kalsiamu, na seftriaksoni hushikana nayo ikawa chembe ngumu. Kwa mtu mzima funga ringa, safisha mrija vizuri kwa maji ya chumvi, toa seftriaksoni, safisha tena, kisha endelea na ringa. Kwa mtoto ambaye hajapita siku 28, akiwa anapata au atahitaji kalsiamu ya mshipani, seftriaksoni haitumiki kabisa, hata kwa mishipa miwili tofauti. Kuna vichanga waliokufa, chembe zikakutwa kwenye mapafu na figo.

Na seftriaksoni si dawa ya mafua. Acheni kuichoma kwa kila homa.

Mpagazi anapanda mlima kesho, ana presha, anatumia haidroklorothaiazidi. Anaomba Diamox ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. (Muuguzi, Marangu)

Zote mbili hutoa maji na potasiamu. Usimpe kwa haraka ya safari. Aonwe na daktari na apimwe potasiamu, hata kama maana yake ni kukosa zamu hii. Mwulize pia kama aliwahi kubabuka ngozi kwa dawa za salfa.

Wagonjwa wetu wanakunywa supu ya mizizi na kuficha. Tufanyeje? (Muuguzi, Ngaramtoni)

Wanaficha kwa sababu wakisema mnawafokea. Mwaka 2011 foleni ya kikombe cha dawa ya mitishamba kule Loliondo ilipokuwa ndefu, wapo walioacha dawa za VVU, na waliokaripiwa na wahudumu walichelewa kurudi. Uliza kwa heshima: "Mama, nyumbani mnatumia mizizi gani?" Mwombe alete gome au unga wenyewe, andika jina analolitumia yeye, liwe la Kimaasai au la Kichaga, na kiasi. Akiwa na dawa za figo, sukari, warfarini au VVU, mwombe asimamishe mizizi hiyo mpaka vipimo viangaliwe. Akipata manjano, vipele au uvimbe, jaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na dawa ya kienyeji iandikwe humo pamoja na zile ulizompa wewe.