Kanuni inasema MUST NOT, mbona jaribio linataka nikubali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika kichanganuzi, yaani programu ya kusoma hati za XML (data iliyopangwa kwa alama), kisichohakiki uhalali, na ninakipima kwa majaribio ya W3C, shirika la viwango vya wavuti. Kuna hati moja inayotangaza elementi ileile mara mbili ndani ya DTD, sehemu inayoeleza hati iweje. Waraka wa XML, yaani kanuni zake rasmi, unasema MUST NOT (ni marufuku), kwa herufi kubwa kabisa, basi changu kinaikataa. Jaribio linasema nimekosea! Tena, hati niliyoiandika mwenyewe kwenye Windows ina sifa (kama jina="A") yenye mstari mpya katikati ya thamani yake. Mimi napata nafasi mbili, mwenzangu anapata moja. Yeye anashauri tuige tu vichanganuzi vikubwa vinavyofanya. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Umeanza na waraka wenyewe, na hilo limenifurahisha, maana wengi hubadilisha msimbo hadi jaribio linyamaze.

Kosa lako la kwanza nimelifanya mimi pia. Nilisoma amri nikasahau kuuliza anayeamrishwa ni nani. Rudi kwenye sentensi ile, kisha tazama kichwa kilicho juu yake: ni sharti la uhalali. MUST NOT hiyo inaihusu hati. Hati imekosea, naam, lakini kulitolea taarifa kosa hilo ni wajibu wa kichanganuzi kinachohakiki, na hata hicho ni pale mtumiaji anapotaka. Chako hakihakiki, kwa hiyo kiipokee hati kiendelee. Ndiyo maana jaribio hilo limewekwa kundi la invalid (hati isiyo halali), si not-wf (hati isiyo na muundo sahihi).

Sasa linganisha na hii:

<mtu jina="A" jina="B"/>

Hapa pia ni MUST NOT, maneno yaleyale, ila kichwa chake ni sharti la muundo sahihi. Kulivunja ni kosa la kukatisha: kila kichanganuzi, kinachohakiki na kisichohakiki, lazima kiliseme, na hakiruhusiwi kuendelea kuipa programu data kama kwamba hakuna kilichotokea. Halafu chukua entiti, yaani jina linalosimama badala ya maandishi, iliyotangazwa mara mbili. Hapo si kosa hata kidogo. Tangazo la kwanza ndilo linaloshika, na kichanganuzi kinaweza kutoa onyo mtumiaji akipenda. Kurudia ni kurudia, lakini hukumu ni tatu tofauti. Ukiandika msimbo wa "kitu kimetangazwa mara mbili, kataa", utafeli mahali pawili kati ya hapo patatu.

Mimi kando ya kila jaribio huandika mstari mmoja: namba ya kifungu, na anayewajibika, yaani hati, kichanganuzi chochote, au kinachohakiki peke yake. Jaribio nisiloweza kuliandikia mstari huo silitumii kumhukumu mtu.

Suala la nafasi mbili ni la mpangilio. Windows humaliza mstari kwa herufi mbili, namba 13 na namba 10. Nadhani umesoma kifungu cha 3.3.3, kinachogeuza kila moja kuwa nafasi ndani ya sifa, ukakitekeleza juu ya maandishi mabichi. Lakini kifungu cha 2.11 hutangulia: jozi hiyo hugeuzwa kuwa herufi namba 10 moja kabla ya uchanganuzi wowote. Ikifika kwenye sifa ni herufi moja, basi nafasi moja. Mwenzako yuko sahihi. Usisahau kujaribu pia &#13;&#10; ikiwa imeandikwa hivyo waziwazi, yaani herufi zenyewe zimetajwa kwa namba zake. Hiyo haiguswi na kifungu chochote kati ya hivyo viwili. Programu ipokee herufi zote mbili, 13 na 10.

Kuhusu kuiga wakubwa, hapana. Tofauti kati yako na wao ni sababu nzuri ya kufungua waraka upya, si hukumu. Kuna majaribio ya kundi la error ambayo waraka unaruhusu kichanganuzi kuripoti au kuacha. Viwili vikitofautiana hapo, vyote viko sawa. Usiyahesabu kama kufeli.

Kabla hujaendelea, angalia pia toleo. Toleo la tano la XML 1.0, la Novemba 2008, lilipanua sana herufi zinazoruhusiwa katika majina, hivyo hati kadhaa zilizokuwa mbovu kwa toleo la nne zikawa nzima. Nilipoteza wiki nzima "nikitengeneza" kichanganuzi cha toleo la tano kilichokuwa hakina ubaya, kwa sababu sikutazama sifa ya EDITION kwenye orodha ya majaribio. Ukiona EDITION="1 2 3 4" na wewe unafuata la tano, ruka jaribio hilo, andika sababu, nenda linalofuata.